Bibi anaposema "hana adabu": polisi wafundishwe kusikia nini

Juzi, kwenye daladala ya kutoka Buhongwa kwenda mjini Mwanza, redio ya dereva ilikuwa na mjadala. Mada: askari polisi wafundishwe kutambua na kushughulikia ukatili wa kingono dhidi ya wazee. Konda akapandisha sauti yake juu ya redio. "Bibi wa miaka sabini? Nani anamtaka?" Gari zima likacheka. Kijana wa siti ya nyuma akaongeza kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, wanaowapeleka wazazi wao kwenye majumba ya wazee. Huku kwetu, akasema, mzee anakaa na wajukuu. Mama mmoja mtu mzima, ndoo ya dagaa mapajani, akasema taratibu, "Ndiyo hao hao wajukuu," kisha akagonga bodi ashushwe Mkolani. Mazungumzo yakahamia Simba na Yanga.

Maneno ya yule mama nimekuwa nayo wiki nzima. Makala hii ni jaribio la kumjibu konda, kwa sababu swali lake ndilo wanalouliza watu wengi, na wengine kati yao wamevaa sare.

Tuanze na maneno yenyewe. Mzee, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea. Ukatili wa kingono ni tendo lolote la kingono analofanyiwa mtu bila ridhaa yake, au akiwa katika hali ambayo hawezi kutoa ridhaa. Kubaka kumo, lakini si peke yake. Kumpapasa bibi maziwa kwa kisingizio cha kumwogesha, kumvua nguo ili wengine wamcheke, kumlazimisha atazame video za ngono kwenye simu, kumpiga picha akiwa uchi na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp: yote yamo. Mengine sheria inayaita shambulio la aibu, mengine ni makosa mazito zaidi.

Na ridhaa? Kukaa kimya hakuhesabiwi kuwa ridhaa. Bibi aliyepooza upande mmoja, ambaye uji wake wa asubuhi unategemea mkono wa mtu fulani, hana nafasi kubwa ya kumkatalia mtu huyo usiku. Anayesahau hata kama amekula, hawezi kusemwa kwamba alikubali jambo ambalo kesho halikumbuki wala halielewi.

Sasa konda. Swali lake limejengwa juu ya dhana kwamba mbakaji huongozwa na tamaa, na tamaa hufuata ujana. Nenda mwaloni Kirumba ukamuulize mvuvi yeyote aliyewahi kuibiwa mtumbwi. Mwizi hakuchagua mtumbwi mzuri kuliko yote uliokuwa pale ufukweni, alichagua usiokuwa na mlinzi. Na mwenye mtumbwi akienda kituoni, hakuna askari anayemuuliza, "Mtumbwi wenyewe ulikuwa mpya? Maana mtumbwi mkuukuu nani aibe?" Anayemvamia mzee anaangalia mambo matatu: hataweza kupambana, hataweza kukimbia, na akisema hataaminiwa. Hilo la tatu tunamsaidia sisi wenyewe, kwa kicheko cha ndani ya daladala.

Yapo na ya waganga, tusifiche. Kanda ya Ziwa wengi tumesikia habari za mtu aliyeambiwa na mganga kwamba akilala na mwanamke wa umri fulani, samaki watajaa kwenye nyavu au dhahabu itaonekana kwenye shimo. Aliyefuata sharti hilo bila ridhaa ya mwanamke ni mbakaji kama mwingine yeyote. Na mganga mwenyewe akitumia nafasi yake kumwingilia mteja aliyekuja kutibiwa, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imemtaja waziwazi, pamoja na mtumishi wa hospitali na kiongozi wa dini.

Nyavu zenye macho makubwa

"Mbona hatusikii takwimu?" mtu atauliza. Swali la haki. Tega nyavu za sangara zenye macho ya inchi sita, kisha asubuhi utangaze kwamba ziwani hakuna dagaa. Ndivyo tulivyofanya na wazee.

Utafiti mkubwa wa kitaifa unaowauliza wanawake kuhusu ukatili wa majumbani, ule wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022, huwahoji wenye miaka 15 hadi 49. Mwanamke akifikisha 50, amepita katikati ya macho ya nyavu. Uingereza nao walikuwa na ugonjwa huohuo: utafiti wa uhalifu wa England na Wales kwa miaka mingi uliishia umri wa 59 kwenye maswali ya ukatili wa kingono, ukapandishwa hadi 74 mwaka 2017, na kikomo kikaondolewa 2021. Yaani hata wao ni juzijuzi tu wameanza kumuuliza bibi wa miaka 80.

Angalia na majina. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, MTAKUWWA, ni wa "wanawake na watoto". Ofisi ya polisi inayopokea kesi hizi ni Dawati la Jinsia na Watoto. Silaumu, maana mtoto lazima alindwe, na bibi ni mwanamke, kwa hiyo milango hiyo ni yake pia. Lakini mtu wa miaka 76 anayesoma kibao cha "Watoto" mlangoni hadhani kwamba ndipo pake. Wala babu.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mmoja kati ya sita wenye miaka 60 na kuendelea hufanyiwa aina fulani ya ukatili katika jamii kwa mwaka: matusi, kutelekezwa, kuporwa mali, kupigwa. Takwimu hiyo ilitokana na uchambuzi uliochapishwa 2017, uliojumlisha tafiti 52 za nchi 28. Ukatili wa kingono pekee ulipata asilimia 0.9. Unaonekana mdogo mpaka ukumbuke kwamba hao ni wale waliokubali kumwambia mgeni mwenye dodoso mkononi.

Na lile la "mambo ya Wazungu, majumba ya wazee"? Watafiti wa Uingereza Hannah Bows na Nicole Westmarland walikusanya kumbukumbu za polisi wa huko za kati ya 2009 na 2013. Walipata matukio 655 ya kubaka na kuingiliwa kwa nguvu kwa watu wenye miaka 60 na zaidi. Mahali palipojitokeza kuliko pengine pote ni nyumbani kwa mzee mwenyewe, na wengi wa watuhumiwa walikuwa watu anaowafahamu. Yule mama wa Mkolani hakuwa mbali.

Alizima kibatari

Hapa ndipo mafunzo ya polisi yanapoanza kuwa na maana, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wakisikia "mafunzo" hufikiria maabara, vinasaba, ukumbi wenye projekta na soda. Hayo yana nafasi yake. Lakini kitu cha kwanza anachohitaji askari wa Misungwi au Magu ni sikio. Bibi wa Kisukuma hatasema "nimebakwa". Neno hilo hana, au analo na hawezi kulitoa mdomoni mbele ya kijana aliye umri wa mjukuu wake. Atasema "hana adabu". Atasema "amenivunjia heshima", "amenichezea", "amenifanyia mambo ya ajabu", "nyumba ile sirudi". Pengine atalalamikia kitu kingine kabisa: kuku aliyepotea, mlango uliovunjwa, hela ya mpunga.

Kuna na utani. Pwani ya ziwa hili, kama sehemu nyingi za nchi, bibi na mjukuu wana utani wao. Mjukuu humwita bibi yake "mke wangu", bibi naye humdai mahari, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Ni jambo zuri na silitaki life. Ila ndani ya utani huo huo mhalifu hupata shuka la kujifunika.

Chukua mfano huu. Ni wa kutunga, lakini aliyewahi kukaa kwenye benchi la kituo ataujua. Bibi wa miaka 76 amekuja kituoni, amesindikizwa na binti wa jirani. Askari yuko kaunta, watu sita wako nyuma.

"Shikamoo bibi. Shida gani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Yule kijana wa nyumbani hana adabu."

"Amekutukana?"

"Ananiita mke wake."

Askari anamtazama mwenzake. "Si utani huo, bibi? Hata mimi bibi yangu ni mke wangu."

Watu wanacheka. Bibi naye anacheka kidogo, anafungua pindo la kanga, analifunga tena. "Basi, mjukuu wangu." Anaambiwa akaongee na wazee wa ukoo. Kitabuni, kama kimeandikwa chochote, ni lugha ya matusi.

Sasa bibi yuleyule, askari aliyefunzwa. Anamtoa kaunta, anampeleka chumba chenye mlango. Anamuuliza angependa kuongea na askari wa kike au wa kiume, na kwa lugha gani. Kama Kiswahili kinamkwaza, anatafutwa mtu wa kutafsiri asiyetoka nyumbani kwake wala ukoo wake. Kosa la kila siku ni kumfanya mtu wa familia awe mkalimani, na pengine ni mama mzazi wa mtuhumiwa. Salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu", inafungua zaidi ya fomu yoyote. Halafu:

"Bibi, alipokuita mke wake, ilikuwa mchana au usiku?"

"Usiku."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Hakuna. Wenzake walikuwa wameingia ziwani kwenye dagaa."

"Alipokwisha kusema hivyo, nini kikafuata?"

Kimya. Askari hajazi kile kimya. Haangalii simu.

"Alizima kibatari."

"Nakusikiliza, bibi. Endelea pale unapoweza."

Tofauti ya mahojiano haya mawili haikuletwa na kifaa chochote. Askari wa pili hakuuliza "alikubaka?", swali ambalo bibi angelijibu "hapana" kwa aibu, au "ndiyo" na wakili akaja kusema alilishwa maneno. Aliuliza kilichofuata, akasubiri. Na bila kutaja kalenda amepata tarehe. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, na taa inahitaji giza, kwa hiyo mbalamwezi ikikomaa hupumzika. Kama siku hiyo wenzake walikuwa ziwani, ilikuwa kipindi cha giza. Muulize kama ilikuwa kabla au baada ya siku ya gulio, kama mpunga ulikuwa umevunwa, utafika karibu kabisa na siku yenyewe. Mzee anayejibu "tarehe sijui" hajakosa kumbukumbu. Ameulizwa kwa kalenda ya mtu mwingine.

Nchini Marekani mafunzo ya namna hii yana historia ndefu kidogo: tangu sheria yao ya ukatili dhidi ya wanawake ilipohuishwa mwaka 2000, kuna fedha za serikali kuu zilizotengwa kwa kuwafundisha polisi, waendesha mashtaka na mahakimu kuhusu ukatili dhidi ya wazee. Sisi hatuhitaji kunakili vitabu vyao. Hakuna kitabu cha huko kitakachomwambia askari habari ya kibatari na dagaa. Hilo litafundishwa na watu wa hapa.

Mwili na kumbukumbu

Jambo la pili la kufundisha ni kwamba mwili wa mzee hausomwi kama wa kijana. Ngozi yake ni nyepesi, inachubuka kwa kugongana na mlango tu. Hivyo alama ya bluu mkononi yaweza kuwa si kitu. Lakini alama za vidole mapajani kwa ndani, au kwenye maziwa, si za kugongana na mlango. Baada ya hedhi kukoma, sehemu za siri huwa kavu na ngozi yake huwa nyembamba, huchanika kwa urahisi na kupona polepole, na michaniko hiyo inaongeza hatari ya maambukizi, Virusi vya Ukimwi vikiwemo. Kwa hiyo wazo kwamba "huyu ni mtu mzima, amezaa watoto tisa, hawezi kuumia" ni kinyume kabisa cha ukweli.

Nyumbani, dalili ni zile ambazo mkwe au jirani huziona kabla ya polisi. Bibi anaanza kwenda kulala kwa jirani. Anakataa kuogeshwa na mtu aliyekuwa akimwogesha siku zote. Anashtuka akisikia hatua fulani uani. Anatembea kwa shida, anakojoa kwa maumivu, nguo ya ndani imechanika. Damu kutoka ukeni miaka mingi baada ya hedhi kukoma inataka hospitali kwa vyovyote vile, maana hata kama hakuna uhalifu, inaweza kuwa dalili ya saratani.

Kumbukumbu ni gumu zaidi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau atachanganya majina. Atasema "mume wangu" akimaanisha mwanawe, au ataeleza jambo la jana kana kwamba ni la mwaka 1961. Askari asiyefunzwa anafunga daftari: "Huyu hana akili timamu." Aliyefunzwa anaandika maneno kama yalivyotoka, pamoja na yasiyosemwa: kwamba alipotajiwa jina fulani alijikunja, kwamba alilia alipoguswa bega. Halafu anakwenda kwa wengine, kwa mtoto anayelala chumba cha pili, kwa mama anayemletea maji. Wala hahitimishi kwamba kila asemalo mzee ni kweli. Kazi yake ni kupeleleza, na kupeleleza kunawalinda hata waliotajwa kimakosa.

Sheria ya Ushahidi iko upande wa uvumilivu huo. Inasema kila mtu anaweza kuwa shahidi, isipokuwa mahakama ikiona hawezi kuelewa maswali au kutoa majibu yenye mantiki kwa sababu ya utoto, uzee uliokithiri, ugonjwa au sababu kama hizo. Ona wanaopewa uamuzi: mahakama. Haukuachiwa askari wa kaunta, wala mwenyekiti wa mtaa, wala binamu mwenye sauti kubwa. Na swali ni kuelewa na kujibu. Miaka yenyewe si swali.

Kuna sababu nyingine ya kuandika maelezo mapema na vizuri, nayo inauma. Mwaka 2000, muuguzi na mtafiti wa Marekani Ann Burgess na wenzake walichapisha uchunguzi wa wakazi 20 wa nyumba za kutunzia wazee waliokuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono. Kumi na mmoja kati yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kesi zetu zinajulikana kwa kwenda mwendo wa kobe. Sheria inaruhusu, kwa masharti yake, maelezo ya maandishi ya mtu aliyefariki au asiyeweza kufika mahakamani kupokelewa kuwa ushahidi. Kama mzee hajui kusoma, maelezo lazima asomewe kabla ya kuweka dole gumba, na aliyemsomea aandike tamko kuthibitisha. Kurasa mbili zilizoandikwa ovyo siku ya kwanza zinaweza kuizika kesi pamoja na bibi.

Kile ambacho sheria inasema, na pale inaponyamaza

Watu wengi, na nasikia hili hata kwa wasomi, wanaamini kesi ya kubaka haisimami bila majeraha. Kanuni ya Adhabu, kwa marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inasema wazi kwamba si lazima kuwe na ushahidi wa kupigana au majeraha ya mwili kuonyesha kwamba hakukuwa na ridhaa. Nayo Mahakama ya Rufani, katika uamuzi wa 2006 ambao mawakili hawaachi kuutaja, ilisema ushahidi wa kweli wa kubaka hutoka kwa aliyetendewa. Sheria ya Ushahidi nayo inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa neno la mhanga pekee, ikiridhika kwamba anasema kweli. Hakuna kinachohitaji awe msichana. Adhabu ya kubaka ni kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisipungue miaka 30, pamoja na fidia kwa aliyetendewa.

Kanuni ya Adhabu pia inasema ridhaa iliyopatikana kwa vitisho vya kifo au kuumizwa si ridhaa. Usukumani kipengele hiki kina uzito wake. Kuna neno moja ambalo likitamkwa kwa bibi mwenye macho mekundu linatosha kumnyamazisha: mchawi. Tunajua yaliyowapata wanawake wazee wa kanda hii kwa sababu ya macho ambayo moshi wa kuni na samadi ndio uliyafanya mekundu. Kijana anayemwambia bibi, "Ukisema, nitawaambia watu wewe ndiye uliyemloga marehemu," hajamtania. Amemwekea panga shingoni bila kulishika. Askari akisikia sentensi hiyo aiandike kama tishio la kuua.

Wajane nao. Kando ya ziwa desturi ya kumrithi mjane haijaisha, na wakati mwingine anayerithiwa ni mwanamke wa miaka 62 ambaye anachotaka ni kulima viazi vyake kwa amani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema, desturi isemavyo na iseme, mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi atakapo, kukaa bila mume au kuolewa na amtakaye. Shemeji anayeingia kwa nguvu akidai urithi hana urithi huo.

Pale sheria inaponyamaza nako pasemwe. Mume hahesabiwi kumbaka mkewe isipokuwa walipokuwa wametengana. Bibi anayelazimishwa na mumewe wakiwa nyumba moja akienda kituoni, askari anaweza kuangalia makosa mengine, kumjeruhi kwa mfano, na ofisa ustawi wa jamii anaweza kusaidia kumweka salama, lakini kosa la kubaka hatalipata. Vilevile kosa hilo limeandikwa kwa mhanga wa kike. Babu aliyeingiliwa kwa nguvu, kesi yake husomwa chini ya makosa ya kinyume cha maumbile, na hapo aibu inakuwa mara mbili. Nadhani wazee wa kiume ndio wanaonyamaza kuliko wote.

Halafu kuna ng'ombe. Wazee wa ukoo hukaa, kijana anatozwa ng'ombe wawili, mbuzi anachinjwa, jambo "limekwisha". Bibi mwenyewe mara nyingi haulizwi, na ng'ombe huingia zizi la mwanawe wa kiume. Kesi ya jinai huitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyekosewa kisheria si ukoo, kwa hiyo ukoo hauna cha kusamehe. Ila hapa namhurumia askari kidogo. Akimkamata mjukuu, nani atakayempikia bibi uji kesho? Mara nyingi mtuhumiwa ndiye mchota maji, ndiye mlipa bima. Bibi analijua hilo kuliko sisi, ndiyo maana anasema "basi". Mafunzo yasiyomfundisha askari kumpigia ofisa ustawi wa jamii siku ileile, wapange bibi alale wapi na ale nini, yatazaa mashahidi wanaokana maelezo yao wiki ya pili.

Na asidhani mtu kwamba nchi zenye vifaa hazitelezi. Kusini-mashariki mwa London mtu mmoja alikuwa akiwavamia wazee majumbani mwao na kuwafanyia ukatili wa kingono kuanzia 1992. Alikamatwa 2009, akahukumiwa 2011. Polisi waliomba radhi hadharani, kwa sababu mwaka 1999 alikuwa tayari ametajwa kwenye upelelezi, wakamchanganya na mtu mwingine mwenye jina lilelile, wakamwacha.

Saa 72 na kivuko

Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Wapo wahudumu wanaodhani bibi "hana haja" ya dawa hizo. Anayo, na kwa michaniko niliyoitaja anaihitaji zaidi. Sasa hesabu safari ya mtu wa kisiwa cha Ukara: kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, foleni, na kabla ya hapo siku moja ya kuona haya na nyingine ya kikao cha ukoo. Saa zimekwisha.

Kwa hiyo fomu ya polisi, PF3, isigeuzwe geti. Ni fomu ya kurekodi alichokiona daktari, haikutungwa iwe kibali cha kutibiwa. Kama hospitali iko karibu kuliko kituo, aanze hospitali. Kwenye baadhi ya hospitali kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, bibi asieleze habari ileile mara nne. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Asioge kwanza, ingawa kila kitu ndani yake kinamwambia aoge, na ndugu wenye nia njema ndio wanaowahi kumwekea maji ya moto. Nguo aliyokuwa nayo isifuliwe wala isitiwe kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu ukifungiwa huozesha ushahidi. Iwekwe kwenye bahasha ya kaki au ikunjwe kwenye gazeti, kila nguo peke yake, na askari anayeipokea aandike imetoka kwa nani, lini, saa ngapi.

Nguo hiyo, mara nyingi, ni kanga. Na bibi wa kijijini anaweza kuwa na doti mbili tu duniani. Akiuliza itarudi lini, aambiwe ukweli, kwamba itakaa kituoni na mahakamani mpaka kesi iishe, na kabla hajatoka chumbani humo, mtu awe ameshatafuta nyingine ya kumfunga.